Mwenyeji wa Siku Zisizo na Ndege

Watu hupenda kuniuliza nani alinifundisha biashara, nami huwajibu: hakuna. Shule niliiacha mapema, baba hakunirithisha hata baiskeli, na leo ukisimama nje ya uwanja wa ndege Kiembe Samaki ukauliza magari yale yaliyopangwa kivulini ni ya nani, hata muuza karanga atakutajia jina langu. Nimejijenga mwenyewe, kwa mikono hii. Lakini nikishamaliza kujisifu, na huwa simalizi haraka, kuna mwanamke mmoja hunijia kichwani akanikata jicho, nikanyamaza. Huyo ndiye ninayetaka kumweleza.

Sote tulimwita Bi Mwenyeji. Jina lake nalijua na ukoo wake naujua, ila sikupata kumsikia mtu akimwita kwa hayo, na sitaanza mimi. Alikuwa na nyumba ya ghorofa katika uchochoro wa Mji Mkongwe, aliyoachiwa na marehemu mumewe, na humo alipokea wageni wanaokuja kwa ndege. Nilimjua tangu mwaka wa sitini, mimi nikiendesha gari ya mtu mwengine, mpaka miaka ya sabini ilipoanza, nami naendesha yangu.

Alikuwa mwembamba kama kijiti cha mshikaki, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu mnene. Akikuita kutoka juu, uchochoro mzima uliitika naam. Kizungu hakujua zaidi ya "welkamu", na hiyo aliitumia kumkaribisha mgeni, kumwamsha, kumwambia chakula tayari na kumfukuza jikoni. Wote walielewa. Mgeni yeyote, awe mkubwa wa nchi awe nani, viatu alivivua mlangoni akapewa ndara. Nilimwona bwana mmoja mrefu, mwenye suti, amesimama na soksi zilizotoboka kidole, anasubiri ndara zake kwa adabu kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani.

Majina ya wageni hayakukaa kinywani mwake. Aliwaita kwa siku waliyoteremka. "Bwana Jumatatu hajanywa chai yake." "Mwambie Bi Alkhamisi shuka lake limekauka." Kuna mmoja alikuja mara ya kwanza Jumatatu, akarudi mwaka wa pili siku ya Jumamosi, na bado akawa Bwana Jumatatu. Nikamwambia, "Bi Mwenyeji, safari hii kaja Jumamosi." Akanijibu, "Wewe ukihama nyumba unabadilisha jina?"

Ndege hakuwahi kuipanda na aliapa hataipanda, lakini alizizungumza kama mtu anayefuga mbuzi. "Hii ya leo inakohoa." "Ile ya jana ina hamaki, imepita kwa kishindo." Na wali aliuteleka kwa sauti ya ndege. Ikisikika juu ya mapaa inakwenda kushuka Kiembe Samaki, yeye anatia mchele. Mpaka watu wateremke, wapate mizigo yao, niwapakie na kuwaleta mjini, wali umekauka vizuri na mchuzi umo mezani. Wageni waliona ni miujiza. Siku moja ndege ikapita, akateleka sufuria kubwa, nami nikafika na abiria mmoja tu, Mwislamu wa Mombasa, naye amefunga sunna ya Jumatatu. Bi Mwenyeji akamtazama, akatazama sufuria, akatoa kichwa dirishani akaita majirani waje kula. "Rizki ikishaiva ina mwenyewe," alisema. Yule mgeni alifuturia biriani ya jirani.

Sabuni aliibania mno. Kipande kikibaki kama kucha alikigandisha kwenye kipya. Chakula hakukipima hata siku moja. Na wageni, wallahi, walimchosha. "Wanauliza hawa! Nani kachonga mlango, popo wanakwenda wapi, kwa nini muadhini ana kikohozi. Mimi najua?" Lakini siku isiyo na mgeni alifagia ngazi iliyokwishafagiwa, akatoka barazani, akarudi, akamgombeza paka.

Siku hizo zikawa nyingi. Hapa inabidi nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Zamani ndege zilikuja asubuhi na kurudi alasiri, karibu kila siku. Mgeni anatoka Dar es Salaam akiwa amekunywa chai, anatembezwa mjini, anakula mchana kwa Bi Mwenyeji, ananunua kofia na halua, anarudi. Chakula kile kimoja cha mchana kililisha uchochoro mzima: muuza samaki, fundi wa kofia, dobi wa vitambaa vya meza, na jirani wa ukuta kwa ukuta tuliyemwita Mpika Mikate, mjane mwenye binti mmoja na mdomo wa watu kumi. Na mimi dereva. Baada ya Mapinduzi ndege zilikatika, kisha zikarudi moja moja, na kila zilivyozidi kupungua nauli ilizidi kupanda. Uliza kwa nini nauli iko juu, utaambiwa abiria ni wachache. Uliza kwa nini abiria ni wachache, utaambiwa nauli iko juu. Kama ngamia wa kinu cha ufuta, anazunguka mchana kutwa na hajatoka uani.

Ilifika ndege mbili tu kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, na siku nyengine hata hizo hazikuja. Bi Mwenyeji akaanza kuuza vitanda vyake, kimoja kimoja, maana zamani walikuwapo wageni wachache wa kulala na sasa hakuna. Akabaki na cha kwake na ile meza ndefu ya kulia.

Hapo ndipo mimi, kwa akili yangu ya biashara, nilipokwenda kumkalisha barazani. Mpika Mikate naye alikuwapo, anachambua mchele.

"Bi Mwenyeji, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na uso wa mtu mwenye shauri. Sema."

"Wageni walikuwa kumi, sasa anakuja mmoja. Basi huyo mmoja tumpandishie. Mimi gari, wewe chakula, huyu mkate. Mtu aliyeweza nauli ile ya ndege hashindwi na yetu."

"Maneno hayo," Mpika Mikate akasema. "Mwanangu namwoza Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha tu, nami sina hata pazia."

Bi Mwenyeji akatema tambuu yake pembeni. "Huyo mmoja kafanya kosa gani?"

"Kosa la nini tena?"

"Nakuuliza. Wamekuja kumi au kaja mmoja?"

"Mmoja."

"Basi mmoja hachinjwi kwa ajili ya tisa waliobaki kwao. Kule ndege ishamchuna ngozi. Akifika kwangu nimchune nini, mifupa?"

"Biashara haiendeshwi kwa huruma, mama yangu."

"Nani kakwambia namhurumia? Nataka arudi. Wewe unataka kumla, mimi nataka kumfuga."

Mpika Mikate akacheka mpaka mchele ukamwagika. Nilikasirika, sifichi. Hesabu yangu ilikuwa sawa, na madereva wengine waliifuata siku ile ile. Lakini mtu wangu mkubwa wa kazi alikuwa yeye, na alishaniapia kwamba nikipandisha hata kidogo, mgeni wake atakwenda uwanjani kwa miguu na yeye atamsindikiza. Bei ikabaki pale pale.

Haikupita muda, mwezi wa Shaabani, akaja bwana wa afisi ya serikali inayosimamia nyumba za mji. Mtu mpole, alivua viatu bila ya kuambiwa na akanywa kahawa yake yote. Kisha akasema, "Bi Mwenyeji, ruhusa yako ni ya nyumba ya kulaza wageni. Hapa halali mtu. Hata vitanda sivioni. Na wako watu wanatafuta mahali pa kuweka magunia yao ya biashara. Mimi nakuheshimu kama mama yangu. Nakupa mpaka Mfunguo Mosi uishe. Nikija nikikuta hakuna anayelala hapa, itanibidi nyumba niwape wao."

Alipoondoka, Bi Mwenyeji alikusanya vikombe vya kahawa. Alipanda juu, nikamsikia anaburura viti. Ile nyumba ndiyo iliyokuwa kinywa cha uchochoro. Ikijaa magunia, muuza samaki angepita moja kwa moja, na Mpika Mikate angeoka mkate wake mwenyewe aule mwenyewe. Nami ningekuwa na gari ya kupeleka watu wapi?

Ramadhani ikapita bila ya mgeni hata mmoja. Mfunguo Mosi ukaandama, harusi zikaanza, na Jumamosi moja wakateremka Wazungu wawili, mume na mke, watu wazima, walimu wa shule huko bara. Nikawaleta, wakala, wakatembea. Alasiri nawarudisha uwanjani, tunaambiwa ndege imekwishaondoka, safari ya alasiri imefutwa, ya mbele ni Jumatano. Mke akakaa juu ya sanduku lake. Mume akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeifuta.

Dereva mwengine angewatupa popote. Mimi niliwarudisha kwa Bi Mwenyeji.

"Wamekosa ndege," nikamwambia. "Mpaka Jumatano."

Alisimama ngazini, mkono kiunoni. Nilimwona uso wake unafunguka taratibu kama dirisha la upande wa bahari.

"Jumatano," akasema. "Usiku wa Jumapili, ndio huu unaoingia leo, wa Jumatatu, wa Jumanne, wa Jumatano. We yakhe, umeona? Zamani mtu alikuja asubuhi akaondoka alasiri, nikapata chakula kimoja. Sasa ndege hakuna, hana pa kwenda! Ndege zikipungua usiku unazidi, na usiku ndio anaoutaka yule bwana wa afisi."

"Na watalala wapi? Umeuza vitanda."

"Uchochoro huu una vitanda."

Nyinyi mnajua desturi yetu: harusi au matanga hakuna mtu anayenunua vyombo. Sahani zinatoka huku, mikeka kule, sufuria kwa fulani, na kila mmoja hufunga uzi wa rangi yake kwenye kitu chake ili kijue kwao. Bi Mwenyeji alifanya vile vile kwa wageni. Mito ikaja na uzi mwekundu, chandarua na uzi wa kijani. Na kitanda kikatoka ukuta wa pili, kwa Mpika Mikate: samadari mpya, bado inanuka vanishi, aliyomnunulia bintiye kwa fungate yake. Harusi ilikuwa Alkhamisi. Wageni wanaondoka Jumatano. Hapakuwa na tatizo.

Jumatano ndege haikuja.

Alkhamisi asubuhi nilikwenda kuwapa habari kwamba ndege sasa ni ya Jumamosi, nikakuta uchochoro umejaa wanawake. Wana matari, wana vigelegele, na mbele yao Mpika Mikate kajifunga kibwebwe.

"Hodi! Tumekuja kuchukua kitanda!"

Bi Mwenyeji akatoa kichwa dirishani. "Shoga, harusi si usiku? Una haraka gani?"

"Kina kutandikwa, kina kufukizwa udi! Kiteremshe!"

"Kina watu."

Matari yakanyamaza.

"Kina watu? Kitanda cha mwanangu kina watu? Wamemtangulia mwenyewe?"

"Wamelala tu, maskini. Watu wazima wale."

"Watu wazima ndio hawaaminiki!"

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akapiga tari, na mwengine akatunga wimbo papo hapo, maneno yake sitayaandika. Ndipo yule mwalimu akatokea ngazini kwa kikoi na fulana, macho mazito. Sikujua nimwelezeje. Haikuhitajika. Alimtazama Mpika Mikate, akatazama matari, akatazama juu kilipo kitanda, akaona haya mpaka masikio. Akarudi ndani. Tukasikia samadari inaburutwa. Alikuwa ameinua upande mmoja peke yake, na mkewe anakusanya mito.

Mimi nilishika upande wa kichwani, ndio mzito, watu wa uchochoro ule wote ni mashahidi. Tukateremka ngazi zile nyembamba, yeye nyuma kikoi kinataka kumvuka, wanawake wanatupigia vigelegele kama sisi ndio tunaoolewa. Bibi mmoja kizee akasema, "Kitanda kimebebwa na Mzungu. Bi harusi atazaa pacha." Mpika Mikate alijaribu kubaki na hasira akashindwa. Kabla hatujakiweka chini alikwishamshika mkono yule mke na kumwingiza ndani apakwe hina.

Siku mbili zile walilala juu ya mkeka na walikula harusini na watu wa harusi. Jumamosi nikiwapeleka uwanjani, mke alikuwa anatazama viganja vyake vyekundu njia nzima. Mume akataka kunizidishia pesa. Nikamwambia bei ni ile ile. Sikusema ni amri ya Bi Mwenyeji, maana hayo hayakumhusu.

Baada ya hapo sijui waliwaambia nini wenzao huko bara. Ninachojua ni kwamba Jumatano iliyofuata waliteremka watatu, wakanifuata mimi moja kwa moja, wakisema wanataka nyumba yenye mwanamke wa sauti kubwa. Na hawakutaka kurudi alasiri. Waliuliza wenyewe ndege ya kurudi ni lini, wakafurahi kusikia ni mbali. Nauli ile kubwa mtu hawezi kuilipia chakula kimoja, lakini siku nne anailipia. Vitanda vikaletwa tena, kila kimoja na uzi wake, na kila mwenye kitanda akapata fungu lake. Mpika Mikate hakutoa samadari tena, alitoa cha kwake mwenyewe, na baadaye akawa analala na mjukuu. Maana mwaka uliofuata alikuja mjukuu. Mmoja tu, si pacha, na bibi yule kizee hakuacha kulalamika.

Bwana wa afisi alirudi mwisho wa Mfunguo Mosi ule ule, saa nane mchana, jua kali. Bi Mwenyeji akampandisha juu, akamfungulia mlango kidogo. Wageni wamejilaza, wanakoroma.

"Wamelala?" yule bwana akanong'ona.

"Tangu Jumatano," akamjibu, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake akanong'ona.

Bwana yule akateremka kwa ncha za vidole, viatu mkononi, akenda zake.

Nyumba ikaendelea. Haikutajirisha mtu, lakini moshi wa Mpika Mikate ulionekana kila asubuhi, na mimi kutokana na safari zile nikanunua gari yangu ya kwanza. Wale madereva waliopandisha bei, mmoja anauza mkaa sasa, na mwengine ananiendeshea mimi.

Mara ya mwisho nilimwona huko Chukwani, nje ya mji. Miaka ya sabini imeingia, miguu yake haikubali ngazi tena, amehamia kwa mtoto wa dada yake. Nilikwenda na gari mpya, nikaiegesha pale anapoweza kuiona. Alikuwa amekaa juu ya busati, anachambua karafuu alizoletewa, anaonja moja moja.

"Hiyo yako?"

"Yangu, Bi Mwenyeji."

"Mashallah. Ina milango mingi. Sasa sema kilichokuleta."

Nikamwambia. Ndege zimepunguzwa tena na nauli imepanda juzi. Nyumba inataka mtu mwenye nguvu, mwenye pesa, anayewajua wageni, na mtu huyo hayuko mbali. Niuzie.

Alicheka kwa sauti ile ile nene. "Nshampa."

"Nani?"

"Mpika Mikate. Yeye na bintiye."

"Yule? Hawapendi wageni! Juzi kamwita mmoja punda mbele yangu!"

"Kwa nini?"

"Kakataa kula. Anasema ana homa."

"Na kisha?"

Nikasita. "Kisha kampikia uji. Akakaa naye mpaka homa ikashuka."

"Basi. Wewe unawapenda wageni, mwanangu. Mtu anayewapenda, wakipungua huvunjika moyo. Mimi natafuta anayechoshwa nao na bado anateleka." Akanipa karafuu moja. "Tafuna, uso wako unapendeza ukiwa na kitu mdomoni. Leo Jumatano?"

"Jumatano."

"Na ndege?"

"Ipo, lakini haina mtu. Kwa nauli hii mpya nani atakuja? Nimewaambia madereva wangu wapumzike."

"Umeifungua ukaangalia ndani?"

"Bi Mwenyeji..."

"Nenda. Mizigo yako ya kujisifu iache hapa, nitaichambua na karafuu."

Niliondoka na hasira. Mtu wa cheo changu, mwenye madereva, naendeshwa kama mkokoteni. Nilifika Kiembe Samaki ndege imeshatua, injini zinapoa. Mlango ukafunguka. Akateremka rubani. Nikasubiri. Kisha akateremka mwanamke mmoja, mtu mzima, begi moja, akasimama juani akipepesa macho. Uwanja mtupu, gari pekee ni yangu.

Nikamfungulia mlango.

"Mjini ni mbali?" akaniuliza, kwa Kiswahili cha kujifunza kitabuni.

"Si mbali. Utarudi lini?"

"Nimeambiwa ndege inayofuata ni ya wiki ijayo." Akatabasamu kidogo, kama anayetaka nimwambie amekosea. "Niliogopa nilipoambiwa."

"Ndiyo ya wiki ijayo," nikamwambia. "Basi hatuna haraka."

Nikazunguka njia ya pwani ili aone bahari, ni mbali zaidi na inakula petroli, nikampeleka kwa Mpika Mikate kwa bei ile ile.